Brisbane na Kampala, Agosti 1972: Historia Fupi ya Kifo cha Seli

Mwezi Agosti mwaka 1972 jarida liitwalo British Journal of Cancer lilichapisha makala ya kurasa 19 iliyoandikwa na wanapatholojia watatu. Wa kwanza, John Kerr, alikuwa mwanachuo kutoka Brisbane, Australia, aliyekuwa Scotland kwa likizo ya utafiti. Wawili wengine, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikuwa wa Chuo Kikuu cha Aberdeen. Makala hiyo ilidai kwamba seli za mwili zina namna mbili za kufa, wala si moja, na kwamba namna ya pili, ambayo hadi wakati huo haikuwa na jina linalokubalika, ni sehemu ya kazi ya kawaida ya uhai kama ilivyo kugawanyika kwa seli.

Tarehe 4 ya mwezi huohuo, akiwa Tororo, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wataondolewa nchini, na muda waliopewa ukaja kuwa siku 90.

Matukio haya mawili hayakusababishana. Nimeyaweka pamoja kwa sababu mimi ni mwalimu wa historia, si wa baiolojia, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wangu kwamba swali la nani anapata nafasi ya kutazama kitu kidogo kwa miaka kumi bila kubughudhiwa ni swali la siasa. Historia ya kifo cha seli inatupa mfano huo, na sehemu yake moja iko hapa kwetu, katika kilima cha Mulago.

Tuanze London. Kerr alifika huko mwaka 1962 kusomea shahada ya uzamivu katika shule ya tiba ya Hospitali ya University College, chini ya Sir Roy Cameron. Kazi aliyopewa haikuwa ya kusisimua. Alifunga matawi ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini kutoka utumboni, katika panya, ili sehemu kubwa ya ini ipungukiwe na damu, kisha akafuatilia yaliyotokea. Sehemu ile ilinyauka. Katika saa za mwanzo palitokea mabaka ya seli zilizokufa kwa kukosa damu, nayo hayakumshangaza mtu. Lakini baada ya mabaka hayo kusafishwa na mwili, ini liliendelea kupungua kwa majuma kadhaa, na hapo hapakuwa na mabaka yoyote. Palikuwa na seli moja hapa, nyingine kule, zilizosinyaa na kugeuka vidonge vidogo vya mviringo, baadhi vikiwa na chembe nyeusi za kiini ndani yake. Seli jirani zilivimeza vidonge hivyo. Baada ya muda hapakubaki alama.

Kerr alikuwa na rangi ya maabara iliyomwezesha kuona laisosomu, yaani vifuko vya vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli. Katika yale mabaka, vifuko vilikuwa vimepasuka. Katika zile seli moja moja zilizosinyaa, vifuko vilikuwa vizima. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyomzuia kuafiki maelezo rahisi kwamba kufa ni kufa. Seli iliyoharibika kwa ajali haiwezi kuwa na viungo vyake vyote vya ndani katika hali nzuri.

Naomba nilieleze jambo hili kwa lugha ya nyumbani, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watumishi wa serikali na wanaharakati ambao hawakusoma baiolojia baada ya kidato cha nne. Seli iliyouawa na moto, sumu au kukosa damu huvimba, utando wake hupasuka na yaliyomo humwagika. Mwili hutafsiri mmwagiko huo kuwa hatari: damu huja kwa wingi, seli za kinga hukimbilia pale, na mtu huona wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Hicho ni kifo cha nyumba iliyoungua na kuwaamsha majirani wote. Namna ya pili ni ya mpangaji anayehama kwa utaratibu: anafungasha vyombo, anafagia chumba, anarudisha ufunguo. Seli husinyaa, hukatakata vinasaba vyake yenyewe, hujigawa katika vifurushi vilivyofungwa vizuri, na huweka alama kwenye utando wake inayosema "nimezeni". Seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji huja na kuvimeza vifurushi hivyo. Hakuna wekundu, hakuna joto, na mwenye mwili hana habari.

Katikati ya miaka ya 1960 Kerr alirudi Brisbane. Si mji ambao mtu wa London au Boston wa zama zile angeutazamia kwa ugunduzi wa msingi wa baiolojia. Lakini Chuo Kikuu cha Queensland kilimpa mambo matatu: mshahara wa kudumu, wenzake wa kufanya nao kazi, na hadubini ya elektroni. Kwa chombo hicho aliona kwa undani kile ambacho London alikiona kama vivuli. Seli zake zilizosinyaa zilikuwa na umbo lilelile kila mahali alipotazama: katika ini, katika uvimbe wa saratani ya ngozi, katika tishu zenye afya kamili. Mwaka 1971 alichapisha maelezo yake katika jarida la patholojia, akiiita hali hiyo nekrosisi ya kunyauka. Jina halikuwa zuri, na nadhani yeye mwenyewe hakulipenda, kwa kuwa neno nekrosisi lilikwisha kubeba maana ya uharibifu ambayo alikuwa akijaribu kuikwepa.

Kabla ya hapo Currie alikuwa ameitembelea Brisbane na kuziona picha zile. Kule Aberdeen, yeye na mwanafunzi wake Wyllie walikuwa wakichunguza tezi za adrenali za panya, ambazo seli zake hufa pale homoni inayoziamrisha inapoondolewa. Walitambua kuwa wanatazama kitu kilekile. Kerr akaalikwa, akaenda Aberdeen mwaka 1971, na hao watatu wakaandika makala niliyoitaja. Kwa ajili ya jina walimwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika chuo hichohicho. Yeye akawapa neno apoptosis, ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa majani yanayoanguka kutoka mtini au petali zinazodondoka kutoka kwenye ua.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ya lugha. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilihili, kupukutika, na hatukitumii kwa ajali: jani lililochanwa na mvua ya mawe halijapukutika. Hupukutika jani lililofika wakati wake, ambalo mti wenyewe umelilegeza kikonyo. Wataalamu wetu wameridhika kuandika apoptosisi, na sina ugomvi nao, lakini katika makala haya nitasema mpukutiko, kwa kuwa neno hilo linamweleza bibi yangu jambo ambalo Kigiriki hakikumweleza hata daktari wa Aberdeen mpaka alipomwuliza profesa.

Baada ya makala kutoka, kulikuwa kimya. Kwa sehemu kubwa ya miaka 15 iliyofuata ni wachache walioinukuu. Tusidhani kimya hicho kilitokana na ugeni wa jambo lenyewe. Mwaka 1885 Walther Flemming wa Ujerumani alikwisha kuchora seli za namna hiyo katika vifuko vya mayai vinavyonyauka, na mwaka huohuo alieleza vipande vyeusi vilivyomezwa na seli kubwa ndani ya vituo vya kinga vya tezi za limfu. Mwaka 1890 Mmarekani William Councilman alieleza vidonge vya mviringo katika maini ya waliokufa kwa homa ya manjano. Vizazi vya wanafunzi wa tiba walikariri jina la vidonge hivyo bila kuuliza ni nini hasa. Vyote vilikuwa mpukutiko. Wanapatholojia wa dunia nzima walikuwa wakiviona kila siku kwenye slaidi zao na kuvipa majina kumi tofauti, kila tezi na jina lake. Mchango wa Kerr haukuwa kuona kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba majina yale kumi ni ya kitu kimoja.

Waliomwamini kwanza walikuwa watu wa kinga ya mwili, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba tezi ya thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua na ambayo madaktari waliidhania haina kazi, ndiyo chuo cha askari wa kinga tunaowaita seli T. Panya aliyeondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa hukosa kinga. Lakini chuo hicho kina tabia ya kutisha: zaidi ya seli 9 katika kila 10 zinazozaliwa humo hazitoki hai. Nyingine hufa kwa sababu haziwezi kuutambua mwili zinaoulinda hata kidogo, na nyingine kwa sababu zinautambua kupita kiasi na zingeushambulia zikiachiwa. Tezi inayoua kiasi hicho kila siku ingepaswa kuwa jipu lisilopona. Haiwi hivyo, kwa kuwa seli hizo hupukutika na makrofaji huzimeza.

Wyllie alilijua hilo, na mwaka 1980 alichapisha katika Nature jaribio alilolifanya kwa seli za thaimasi za panya. Alizipa homoni ya aina ya kotisoni, ambayo huziua haraka, akatoa vinasaba vyao na kuvipitisha kwenye jeli. Vinasaba vya seli iliyokufa kwa ajali husambaa ovyo kama uchafu. Hivi vilijipanga kama ngazi, kila kidato kikitenganishwa na kingine kwa urefu ulio sawa, kwa sababu kimeng'enya fulani kilikuwa kimevikata mahali maalumu. Sasa mtu asiyependa hadubini angeweza kuuona utaratibu kwa macho yake. Ngazi ile ilifanya kazi ambayo picha nzuri za Brisbane hazikuifanya: iliwapa maabara nyingine kipimo cha siku moja.

Kisha mambo yakaja kwa kasi. Mwaka 1988, Melbourne, David Vaux na wenzake walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL-2, iliyopatikana katika saratani ya limfu, haiongezi kugawanyika kwa seli. Inazuia tu kufa kwake. Hili lilikuwa wazo jipya kabisa kuhusu saratani: uvimbe unaweza kukua kwa kuwa seli zimekataa kuondoka. Mwaka 1992 kundi la Shigekazu Nagata, Japani, lilieleza fumbo la panya wa aina ya lpr, ambao tezi zao za limfu huvimba kupita kiasi na kinga yao huishambulia miili yao wenyewe. Panya hao walikuwa na kasoro katika jeni ya Fas, yaani kitasa kilichoko juu ya seli, ambacho kikizungushwa na ufunguo wake huiamuru seli ipukutike. Askari wao walikuwa hawastaafu. Miaka mitatu baadaye watoto wenye kasoro hiyohiyo walitambuliwa. Na seli T zinazoua seli zilizoingiwa na virusi zilionekana kutumia mlango uleule: hazilipui adui, humwamuru ajiue, kisha husonga mbele.

Kwa hiyo kinga ya mwili, tuliyozoea kuifikiria kama jeshi la kuua wageni, kwa kiasi kikubwa ni taasisi ya kusimamia vifo vya watumishi wake. Maambukizi yakiisha, mamilioni ya seli zilizoongezeka kwa ajili ya vita hupukutika, na chache hubaki kama kumbukumbu. Virusi navyo vinalijua hili. Kirusi cha UKIMWI kinapoimaliza kinga, seli T nyingi zinazokufa hazikuambukizwa kikamilifu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sehemu kubwa yake hufa kwa namna nyingine tena, yenye moto na mmwagiko, ambayo huita seli zaidi kuja kufa. Utaratibu ukivunjika, kifo huambukiza.

Niseme neno kwa wanasiasa wanaopenda kuazima maneno ya tiba. Nimewasikia watu wakisema taifa ni mwili, na kwamba mwili wenye afya huwatoa wasiohitajika. Eneo letu la Maziwa Makuu limelipa gharama ya mafumbo ya namna hiyo kwa damu. Seli moja haina haki, haina mama, haina kesi mahakamani. Vinasaba vyake vyote vimehifadhiwa katika dada zake. Mtu sivyo. Anayetumia mpukutiko kuhalalisha kufukuzwa kwa raia hajaielewa baiolojia wala siasa.

Sasa twende Mulago. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi hospitalini hapo, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini. Baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, wakathibitisha kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Mwaka 1961 Burkitt na wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu umbali wa kilomita kama 16,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali, kuuliza ni wapi ugonjwa huo unajulikana na ni wapi haujulikani. Ramani waliyopata ilifuata joto na mvua, na ikawapeleka wengine kwenye malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, ambako mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kinachobeba majina ya wawili kati yao.

Hadithi hiyo inajulikana. Inayojulikana kidogo ni ile ya umbo la uvimbe huo chini ya hadubini. Wanapatholojia waliliita anga la nyota. Seli za saratani zimesongamana, nyeusi, zinazofanana, kama usiku usio na mwezi. Katikati yake zimetawanyika makrofaji kubwa nyeupe, na hizo ndizo nyota. Kila nyota ina vipande vyeusi tumboni. Denis Wright, aliyefanya kazi Kampala, alilieleza umbo hilo kwa makini, na hadi leo mwanafunzi wa patholojia popote duniani hufundishwa kuutambua ugonjwa huo kwa anga lake.

Nyota ni makaburi. Kila moja ni makrofaji iliyomeza mabaki ya seli zilizopukutika. Leo tunajua sababu: mwaka 1982 ilibainika kwamba katika ugonjwa wa Burkitt jeni iitwayo MYC imehama mahali pake, mara nyingi kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, na kuwa kama breki iliyokatika. Seli hugawanyika kwa kasi isiyo na mfano katika saratani za binadamu. Lakini mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba MYC ileile inayosukuma seli igawanyike huisukuma pia ipukutike, endapo haipati ishara za kuiambia iishi. Uvimbe wa Burkitt ni vurugu ya kuzaliana na kufa kwa pamoja, na unakua tu kwa sababu kuzaliana kumezidi kidogo. Hili pia linaeleza kitu walichokishangaa madaktari wa Kampala tangu mwanzo, kwamba dozi chache za dawa ya saiklofosfamidi ziliweza kuyeyusha uvimbe mkubwa kama chungwa kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Seli hizo zilikuwa ukingoni. Dawa ilizisukuma.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1967, miaka mitano kabla ya makala ya Kerr, katika British Journal of Cancer hilohilo, Burkitt na Sebastian Kyalwazi, daktari bingwa wa upasuaji Mganda, walichapisha taarifa ya wagonjwa wa limfoma hiyo ambao uvimbe wao ulitoweka wenyewe. Seli nyingi zilikufa bila dawa, na mwili ukazisafisha. Kyalwazi na Kerr hawakuwa wakifanya kazi moja, na sidai kwamba Kampala ingeutangulia ulimwengu. Nasema tu kwamba mwaka 1967 slaidi, wagonjwa, swali na watu wenye uwezo wa kuliuliza vilikuwa Mulago. Makerere ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka huohuo kilifunguliwa kituo cha matibabu ya limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Makerere, serikali ya Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kyalwazi alikuwa miongoni mwa waliokisimamisha, na John Ziegler, kijana Mmarekani, akakiongoza. Kama ungemwuliza mtu mwaka ule ni wapi saratani ya seli za kinga inaeleweka vizuri zaidi, Kampala ingetajwa kabla ya Brisbane.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa waliofungua njia ya tiba ya saratani kwa dawa, na miongoni mwao walikuwamo Burkitt, Ziegler, na Victor Anomah Ngu wa Kamerun, aliyefanya kazi hiyo Ibadan. Mwaka huohuo Ziegler aliondoka Uganda. Mwezi Oktoba Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Walimu wa kigeni walikimbia, na Waganda walioweza kukimbia nao wakakimbia. Taasisi ya saratani haikufungwa. Charles Olweny, Mganda, aliichukua na kuendelea kutibu watoto katika mji ambao dawa, vipuri na hata sabuni vilikuwa shida. Namhesabu Olweny na wenzake kuwa mashujaa wa sayansi yetu, ingawa ushujaa wa kuhakikisha mgonjwa wa leo anapata dripu haumwachii mtu muda wa kukaa na hadubini akijiuliza kwa nini nyota ziko pale zilipo.

Katika miaka hiyohiyo Kerr alirudi Brisbane na kuendelea na kazi yake pamoja na akina Jeffrey Searle. Hakuna aliyemsikiliza sana, lakini hakuna aliyemnyang'anya hadubini. Dunia ilipoamka, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa bado yupo. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Paul Ehrlich ya Ujerumani pamoja na Robert Horvitz. Nobel ya mwaka 2002 ilikwenda kwa Horvitz, Sydney Brenner na John Sulston, kwa kazi ya mnyoo mdogo ambaye, kati ya seli 1,090 zinazozaliwa katika ukuaji wake, 131 hufa kwa ratiba isiyobadilika. Kerr hakuwamo. Wapo wanaoona ni dhuluma. Mimi naona alikuwa amekwisha kupata tuzo adimu zaidi, yaani miaka 30 ya kuachwa afanye kazi.

Watumishi wa serikali wanaosoma hapa mara nyingi huniandikia kwamba nchi maskini haiwezi kugharamia udadisi. Mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikubaliana katika Mpango wa Lagos kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na mwaka 2006, Khartoum, lengo hilo likarudiwa. Nchi za Afrika Mashariki hazijalifikia. Hata fedha kidogo inayotoka hutoka na fomu inayomtaka mtafiti aandike, kabla hajaanza, manufaa yatakayopatikana ndani ya miezi 24. Jaribu kuijaza fomu hiyo kwa niaba ya Kerr mwaka 1965: lengo, kuchunguza seli chache zinazosinyaa katika ini la panya, walengwa, hakuna, manufaa kwa jamii, hayajulikani. Ofisa makini angeikataa, na angekuwa ametimiza wajibu wake kwa mujibu wa kanuni. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo venetoclax, inayoizuia protini ya BCL-2 ili seli za saratani ya damu zikubali kupukutika. Kutoka kwenye panya wa Kerr hadi kwenye kidonge hicho ni zaidi ya miaka 50. Hakuna mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaoweza kuimeza safari hiyo, na ndiyo maana mishahara ya watafiti na vyombo vya maabara havipaswi kupangwa kwa mzunguko wa miradi wala kwa hisani ya mfadhili.

Wala wafadhili si wabaya. George na Eva Klein wa Stockholm walishirikiana kwa miaka na Peter Clifford wa hospitali kuu ya Nairobi, na vipande vya limfoma vilivyoruka kutoka Nairobi hadi Sweden viliifundisha dunia mengi kuhusu namna kinga inavyoitambua saratani. Lakini ndege zile zilikuwa zikienda upande mmoja.

Mwaka 1967, ule wa taarifa ya Kyalwazi, seli za uvimbe wa mvulana Mwafrika wa miaka 16 zilioteshwa katika maabara, zikaendelea kugawanyika bila kikomo, na zikapewa jina la Daudi. Zipo hadi leo katika majokofu ya maabara za kinga na saratani katika mabara mengi. Hutumika kupima kama dawa au kingamwili mpya inaweza kuzifanya zipukutike, na majina ya watafiti wanaozitumia hujaza majarida kila mwezi. Mtafiti wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anayezihitaji anaweza kuziagiza kutoka hazina za seli za Marekani au Ujerumani, ambako huuzwa kwa chupa.